Toleo la Jamii, lakini kiti ni kimoja



Kwetu Congo neno lisansi lina harufu ya toga. Sisi tuliopita katika mfumo wa zamani tulifanya graduat miaka 3, halafu lisansi miaka 2, na siku ya kuvaa toga mama zetu walipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Lisansi ilikuwa karatasi ya kufungua mlango. Leo nataka kuongelea lisansi nyingine, ile ya programu, ile ambayo wenzetu wa Tanzania wanaiita leseni. Na yenyewe ni karatasi, na yenyewe inafungua mlango. Tofauti ni kwamba hii hatuisomi. Tunabonyeza "nakubali", tunaendelea na kazi.

Mimi pia nilibonyeza. Na kijana mmoja alipoteza nafasi yake juu ya kitu ambacho ningekijua kama ningesoma kurasa mbili tu. Ngoja nieleze.

Kuna kooperative moja ya kahawa, upande wa ziwa Kivu, jina lake naliacha. Waliniita niwatengenezee namna ya kufuatilia kilo zinazoletwa na wakulima. Wapimaji walikuwa tayari wanajaza fomu ya KoboToolbox kwenye simu. Wengi wenu mnaijua juu ya kazi za ONG. Shida ilikuwa baada ya fomu. Dada wa kontabilite alikuwa anashusha data kila jioni, anakopi mistari moja moja kwenye jedwali, anakosea, anarudia. Nikaleta n8n. Ni programu ya kuunganisha programu nyingine: unachora nodi kwenye kioo, unaziunganisha kwa mistari, na kazi inaanza kutembea yenyewe. Fomu ikiingia, kilo zinaandikwa kwenye jedwali, na saa kumi na mbili jioni meneja anapata jumla kwenye Telegram. Niliiweka kwenye seva ndogo ya kukodi, bila kulipa senti kwa programu yenyewe. Meneja alifurahi sana. Akaniita "profesa", na kwetu unajua, mtu akikuita profesa kabla hajakulipa lazima uwe na wasiwasi.

Tulikuwa watu watatu wa kuishika: mimi, dada wa kontabilite, na stajieri mmoja aliyemaliza chuo mwaka uleule. Nikatengeneza akaunti tatu. Kila mmoja akaingia kwa jina lake, na hapo tukaona kioja. Stajieri akifungua, ukurasa wake mtupu. Ule mtiririko wa kazi niliouchora mimi hakuuona. Dada vilevile. Nikatafuta kitufe cha kugawana. Kilikuwepo, lakini nilipokibonyeza kiliniambia nipandishe mpango, maana yake nilipe.

Nikafanya kile ambacho kila mmoja wenu angefanya. Nikawapa neno la siri la akaunti yangu. Watu watatu, jina moja. Dada akaliandika nyuma ya kalenda.

Miezi minne hakukuwa na neno. Halafu juma moja mtiririko ukazimwa siku tatu. Haukuharibika; ulizimwa, kile kitufe cha pembeni kilisogezwa. Fomu zilibaki salama kwenye Kobo, ila jedwali halikupata kitu, na jumamosi ya malipo wakulima wa siku tatu hawakuwa kwenye liste. Watu walitembea saa mbili mpaka kwenye kituo cha kupima, wakarudi mikono mitupu. Meneja akauliza: "Nani alizimisha hii kintu?" Tukafungua programu. Jina lililokuwa mle ndani lilikuwa langu, na mimi juma lile sikufungua hata mara moja. Dada akasema si yeye. Stajieri akasema: "Yaya, mimi sikugusa." Na kwa biro zetu, mambo yakifika pale, kosa linateremka ngazi kama maji mpaka linampata mwenye kukaa chini kabisa. Jumatatu stajieri hakurudi.

Kosa la neno la siri moja ni langu, na sitalisukuma kwa mtu mwingine. Lakini baadaye, usiku, umeme ukiwa umerudi, nilifungua faili ya lisansi ya n8n ambayo sikuwahi kuifungua. Yale niliyoyasoma ndiyo yamenifanya niandike hapa.

n8n ilianzishwa na Jan Oberhauser, Berlin, mwaka 2019. Mwanzoni msimbo wake ulitoka chini ya lisansi ya Apache 2.0 iliyoongezewa kipengele kinachoitwa Commons Clause, kinachokataza kuuza programu yenyewe. Machi 2022 ikahamia lisansi yake yenyewe, Sustainable Use License. Lisansi hii inakuruhusu kutumia na kubadilisha programu kwa kazi za ndani za shirika lako, au kwa matumizi yako binafsi, au kwa jambo lisilo la biashara. Kuisambaza unaweza, lakini bure na bila biashara. Juu ya mipaka hiyo, n8n haijiiti programu huria. Inajiita "fair-code", msimbo wa haki tuseme. Open Source Initiative, wale wanaotunza maana ya programu huria tangu 1998, hawakubali lisansi inayochagua nani atumie kwa kazi gani. Kwenye hilo n8n haikudanganya mtu. Wanaodanganya ni sisi, tunaoandika kwenye CV "mtaalamu wa programu huria n8n".

Ila hiyo ni nusu tu ya faili. Nusu ya pili inasema hivi, kwa maneno yangu: faili zote zenye ".ee." ndani ya jina lao, au ndani ya jina la folda yao, haziko chini ya lisansi hiyo. Ziko chini ya n8n Enterprise License, na kuzitumia kwa kazi halisi kunataka uwe na lisansi ya kulipiwa. Kuzijaribu na kuzichezea kwa majaribio unaruhusiwa.

Soma tena taratibu. Msimbo wa vyumba vilivyofungwa uko wazi kwenye GitHub, mtu yeyote anausoma. Zaidi ya hapo, uko tayari ndani ya seva yako. Hakuna n8n ndogo ya maskini na n8n kubwa ya tajiri. Kifurushi unachokishusha ni kilekile. Nilipokiweka kwenye mashini yangu ya nyumbani nilitumia megas zangu kushusha vyote, vyumba vya wazi na vya kufungwa. Mtu akilipa, anapewa ufunguo, yaani mstari wa herufi. Anauingiza kwenye ukurasa wa mipangilio, na vitufe vinaamka. Hakuna kinachojengwa upya.

Kwa hiyo swali la "programu hii inaweza kufanya nini?" lina majibu mawili. Moja ni la fundi: inaweza kugawana mitiririko, inaweza kutunza matoleo kwa Git, inaweza kutenganisha mazingira ya majaribio na ya kazi, inaweza kuwaingiza watu kwa akaunti ya kampuni. La pili ni la lisansi: wewe, kwa karatasi uliyonayo, huwezi. Chuoni tulifundishwa jibu la kwanza tu. Profesa wetu wa jeni lojisiele alituchorea tabaka za programu miaka miwili, hifadhidata chini, kioo juu. Tabaka la karatasi hakulichora hata siku moja, na ndilo lililotugonga.

Sasa turudi kwenye ile orodha. Nyaraka za n8n zenyewe zinataja vitu visivyomo kwenye toleo la bure la kujiwekea: kugawana mitiririko na maneno ya siri ya huduma, miradi, mazingira, Git, kuhifadhi siri nje ya programu, kusukuma kumbukumbu za matukio kwenye mfumo mwingine, kuingia kwa akaunti ya kampuni, vigezo vya pamoja. Ukiangalia haraka unaona orodha ya vitu vya kampuni kubwa. Nani kati yetu ana haja ya SAML? Mimi sina. Seva kuu kadhaa zinazopokezana moja ikianguka? Kooperative haina habari. Vitu hivyo vyao, wavilipie, sina ugomvi.

Lakini angalia kinachounganisha sehemu kubwa ya orodha. Nodi zimo, pamoja na ile ya KoboToolbox. Idadi ya mitiririko haina mwisho. Nguvu ya kufanya kazi imo yote, na mtu mmoja akikaa na n8n ya bure anaweza kufanya maajabu. Kinachoondoka ni mtu wa pili. Kugawana ni mtu wa pili. Mradi ni mtu wa pili. Git ni kwa sababu mtu wa pili atabadilisha kitu na utataka kujua ni nini. Kumbukumbu za matukio zinazotoka nje ni kwa sababu siku moja mtu atauliza nani alifanya nini. Lisansi imechora mstari wake hapo hapo kazi ya peke yangu inapogeuka kazi yetu.

Na jina la toleo hilo? Community Edition. Toleo la Jamii. Nilicheka peke yangu usiku ule. Jamii gani hii ambayo mwenye seva anaona kila kitu, na kila mwingine anaona tu kile alichochora mwenyewe? Kwetu jamii ya namna hiyo tunaiita kila mtu na sufuria yake.

Kuna daraja la katikati pia. Ukiandikisha toleo la jamii kwa barua pepe yako, unapewa ufunguo wa bure unaofungua vitu vichache: folda, kurekebisha makosa kwa kutumia data ya mzunguko uliopita, na kuongeza data zako kwenye rekodi ya mzunguko. Yaani bei ya folda ni barua pepe. Sisemi ni vibaya, ila tuiite bei.

Mtu ataniambia: ndugu, watengenezaji nao wanakula. Kweli kabisa, na sitaki tuwe wale vijana wanaotaka kila kitu cha wenzao kiwe bure wakati wao wenyewe hawawezi kufunga kalavie bila kuuliza ya transport iko wapi. Hii vita ya lisansi ina sababu. Elastic iliacha Apache 2.0 mwaka 2021 baada ya miaka ya kugombana na Amazon iliyokuwa inauza huduma juu ya programu yao. Amazon ikachukua msimbo wa zamani na kuanzisha OpenSearch. HashiCorp ikabadilisha lisansi ya Terraform Agosti 2023, na wengine wakatoka na OpenTofu. Anayejenga programu na kuiacha wazi anaweza kuamka asubuhi akakuta tajiri anaiuza mlango wa pili. Sustainable Use License ni ukuta dhidi ya tajiri huyo, na kwa ukuta huo nawaelewa. Ningefanya vilevile.

Lakini ukuta ule ni ile nusu ya kwanza ya faili. Inatosha kumzuia Amazon. Folda za ".ee" hazimzuii Amazon, zinampanga mteja. Hapo wamefanya uchaguzi wa soko: ukishakuwa timu, una makuta. Kwa Berlin au Paris hesabu hiyo inatembea. Watu watatu wa kampuni kule ni mishahara mitatu ya Ulaya. Watu watatu wa kooperative ni dada anayelipwa dola chache, stajieri anayelipwa "asante", na mimi. Huku kwetu idadi ya watu haionyeshi utajiri. Mara nyingi inaonyesha kinyume: tuko wengi kwenye kazi moja kwa sababu hakuna wa kulipwa sawasawa aifanye peke yake, na kwa sababu yule wa leo kesho atakuwa amepata kazi Kampala.

Tena malipo yenyewe ni kwa kadi ya benki. M-Pesa au Airtel Money haiingii pale. Mnajua kazi ya kutafuta mtu mwenye kadi ya Visa akukopeshe, ukimrudishia na asilimia juu.

Sitaki mfikiri n8n ndiyo mbaya kuliko wengine. Kila jukwaa la namna hii lina mstari wake, na kuuona mstari ni kuona kampuni inafikiri nini juu yako. Zapier, ambayo haina msimbo wa kushusha hata kidogo, inachora kwenye hesabu: mpango wa bure una kazi 100 kwa mwezi na mitiririko ya hatua mbili tu. Kooperative ingemaliza 100 kabla ya saa sita mchana siku ya kwanza ya mavuno. Power Automate ya Microsoft inachora kwenye milango. Konekta zinagawanyika mbili, za kawaida na za premium, na mtu aliyepata Power Automate ndani ya Microsoft 365 ya shirika lake ana zile za kawaida tu. Outlook na SharePoint, karibu. Ukitaka kutuma ombi la HTTP kwenda mfumo ambao si wa kwao, hiyo ni premium. Yaani unaweza kuzunguka ndani ya nyumba bila kulipa. Kutoka nje ndiko kunalipiwa. Na mstari wenyewe unatembea. Konekta ya SQL Server ilikuwa ya kawaida. Oktoba 2019 ikahamishwa kuwa premium. Programu haikubadilika hata herufi. Karatasi ndiyo iliyobadilika, na mtu aliyejenga juu yake akaamka na deni.

Ukilinganisha, mstari wa n8n una adabu zaidi: hauhesabu, haufungi milango ya nje, na uko kwenye faili ambayo yeyote anaweza kuisoma kabla hajaanza. Nasema haya ili mjue kwamba nimeipima. Na bado nasema umepita mahali pabaya, kwa sababu Zapier ikinifungia nitajua leo leo, kazi itasimama. Mstari wa n8n hauisimamishi kazi. Unakuacha uendelee, kwa njia mbovu, kwa neno la siri nyuma ya kalenda, mpaka siku ya kuulizana.

Kuna aliyeniambia: "Ndugu, msimbo si uko wazi? Ingia mle, tosha ule ukaguzi wa ufunguo, maliza." Kwa fundi mwenye subira si mlima. Lakini karatasi imesema wazi kwamba kwa kazi halisi unahitaji lisansi ya kulipiwa. Kooperative ile inatafuta wanunuzi Ulaya wanaodai makaratasi ya kila gunia. Niwaweke juu ya programu iliyovunjwa mlango, halafu siku ya ukaguzi niseme nini? Mtu aliyepata diploma ya kununua tunamcheka kwenye ukurasa huu huu.

Nikajaribu njia nyingine. Node-RED ilitoka IBM mwaka 2013, leo iko chini ya OpenJS Foundation, lisansi ni Apache 2.0 tupu, bila mkia. Mle ndani unaandika watumiaji kadhaa kwenye faili ya mipangilio, kila mmoja na neno lake la siri, huyu wa kuandika, huyu wa kuangalia tu. Wote wanaona mitiririko ileile. Miradi ya Git imo tangu toleo la 0.18, mwaka 2018. Unaiwasha kwenye faili hiyohiyo na hakuna anayekuomba barua pepe. Vile vitu ambavyo kwa mmoja ni vya kampuni kubwa, kwa mwingine ni mistari michache ya mipangilio. Basi tusiambiwe kwamba ni ufundi mgumu.

Kwa haki lazima niseme upande wa pili. Node-RED ilizaliwa kwa mambo ya vifaa na vihisi, na kwa kazi ya biro inakutoa jasho. Kwenye n8n Kobo ilikuwa nodi moja. Hapa nililazimika kuandika ombi mwenyewe, kusoma nyaraka za API, kupasua JSON kwa mkono. Jedwali la Google lilinichukua siku mbili nzima na matusi kadhaa. Dada wa kontabilite aliangalia kioo akasema: "Hii yako ya sasa sielewi kitu, ile ya kwanza nilikuwa naona." Ana haki. Urahisi ule ni kazi ya watu wanaolipwa, na wanalipwa na zile folda za ".ee". Sina jibu zuri la hilo.

Nimalizie na swali ambalo najua litakuja, juu kijana mmoja wa Lubumbashi tayari ameniandikia. Anataka kuweka n8n kwenye seva yake, awafungulie famasia kumi akaunti, kila moja ilipe dola 10 kwa mwezi. Jibu ni hapana. Kuiweka n8n mahali na kutoza watu pesa ili waingie, nyaraka zao zinakitaja kuwa kimekatazwa. Kuibadilisha jina na nembo ukaiuza kama yako, hapana vilevile. Na kuna mtego mdogo zaidi: ukijenga programu yako, ukawa unakusanya maneno ya siri ya wateja wako ili n8n iliyofichwa nyuma iwaunganishie akaunti zao, hapo pia umetoka nje ya mstari. Lakini kwenda famasia moja moja, ukaiweka kwenye seva ya famasia yenyewe, ukachora mitiririko yao, ukatoza kazi yako na matengenezo ya kila mwezi, unaruhusiwa kabisa. Dola 10 zilezile. Kinachobadilika ni unauza nini, mikono yako au mlango wao. Nilimshauri asome mwenyewe. Imeandikwa kwa Kiingereza, sisi tulisoma kwa Kifaransa na tunabishana kwa Kiswahili, lakini ni fupi, kurasa mbili hivi, na maneno yake si ya korti.

Kuhusu kooperative, hatimaye tumebaki na n8n, kwa sababu ya dada na macho yake. Kila usiku seva inatoa mitiririko yote kwa amri ya "export", ambayo toleo la bure linairuhusu, na skripti ndogo inaisukuma kwenye Git. Kwa hiyo tunajua kitu gani kilibadilika na siku gani. Nani, hatujui bado. Kwa hilo tumenunua kaye ya kurasa 100, iko juu ya meza karibu na kalenda, ina nguzo tatu: siku, jina, nilichogusa. Anayefungua programu anaandika kwanza. Mwaka huu wa leo, akili bandia kila kona, na sisi tuna kaye na biki.

Juma lililopita niliandika barua kwa meneja. Nilieleza kwamba akaunti ilikuwa moja, ya jina langu, kwamba mimi ndiye niliyegawa neno la siri, na kwamba kwa namna tulivyoiweka hakuna njia yoyote ya kuthibitisha stajieri alizima kitu. Nikamwomba amrudishe, au angalau ampe attestation yake ya staji, maana bila hiyo kijana hawezi kuomba kazi nyingine. Niliipeleka mwenyewe. Aliisoma yote akiwa amesimama, akaniuliza: "Sasa, profesa, nani alizimisha?"

Nikamjibu kwamba hatuwezi kujua.

Akaikunja, akaiweka ndani ya farde. Attestation nimeambiwa nipite tena ijumaa.